Marahaba ya Jiwe

Mimi si mwoga. Huko Geita niliteremka shimo la dhahabu ambalo wanaume wazima walilichungulia tu wakarudi kwa mama zao. Nikapanda juu na kidole kimoja pungufu, nacheka. Waulize.

Sasa sikieni. Mwaka sabini na nne, jua linazama, mimi na shemeji yangu Kalisti tulivuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa kimoja upande wa Uzinza, kutafuta kuni za kukaushia samaki. Hakai mtu pale. Lipo jiwe tu, limesimama wima kama mtu anayesubiri, refu kuliko mlango wa kanisa. Nani alilisimamisha? Wazinza wenyewe walilikuta.

Mama Anisia, aliyetuazima mtumbwi, alitukanya:

"Mkipita, liamkieni. Ila msingoje kuitikiwa."

Nikaona, aa, hapa pana mchezo. Kalisti alipoinama kufunga kuni, nikanyata, nikajibanza nyuma ya jiwe. Akiamkia, mimi niitikie, nimwone atakavyotimua mbio!

Jiwe lilikuwa na joto. Lilinuka... maziwa yaliyochacha.

Akaja. "Shikamoo, babu."

Nikafungua mdomo.

"Marahaba."

Si mimi niliyesema.

Lakini sauti ilikuwa yangu.

Kalisti akacheka. "Shemeji, mjinga wewe! Toka huko!"

"Njoo unitoe," ikasema sauti yangu, polepole, kutoka ndani ya jiwe.

Nikataka kupiga kelele. Koo tupu! Nikaruka, nikamkwida shati, nikamburuta hadi mtumbwini, nikasukuma.

Tulipofika majini, huko ufukweni ikaita:

"Kalisti! Unaniacha? Huyo uliyempakia ni nani?"

Kasia likasimama. Giza lilishaingia, uso wangu hakuuona.

"Sema kitu," akanong'ona.

Sikuweza.

Akainua kasia juu ya kichwa changu.

Nikaudaka mkono wake, nikaubandika kwenye kigutu cha kidole changu. Akakipapasa... akakipapasa tena. Kisha akapiga kasia huku analia.

Sauti ilinirudia kooni alfajiri, nikiwa usingizini. Mke wangu ndiye aliyeisikia kwanza. Anasema ilikuwa inaitikia, "Marahaba... marahaba..." na mlangoni hapakuwa na mtu.

Hadi leo Kalisti akija kwangu, hukipapasa kigutu kwanza, ndipo akae.

"Ndiyo, ni wewe," husema. "Sasa nyamaza, shemeji."

Nami, msemaji kama mnavyonijua, hunyamaza.