Nambari Nne Ubavuni mwa Tairi

Kila asubuhi ya Oktoba nilikuwa na kazi moja kabla ya uji: kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mama aliwasha injini, akarudi ndani kumalizia kahawa yake, nami nikabaki nje na kikwangulio, vidole vinauma ndani ya glavu. Kwetu Kuhmo, kaskazini ya mbali, baridi haiji kwa kubembeleza. Unaamka siku moja unakuta ziwa limeshikwa na barafu ukingoni, basi, ndiyo imefika.

Gari letu liliwahi kuwa jekundu. Rangi ilikuwa imepauka, na magurudumu yake yalikuwa ya chuma, yamefunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Vifuniko vilipaswa kuwa vinne, lakini kimoja kilichomoka mwaka juzi kwenye barabara ya mashimo, na tangu siku hiyo gurudumu la mbele lilibaki wazi likionyesha kutu yake. Shuleni walilipa gari letu jina.

"Helka! Kibogoyo kaja kukuchukua!" Iiris wa darasa letu alipiga kelele getini, kama kawaida yake.

"Mwambie atabasamu tumhesabu meno!" mwingine akadakia.

Nilicheka pamoja nao, maana ukinuna ndiyo wanazidi. Lakini nilipoingia garini niliteremka kwenye kiti mpaka kichwa kisionekane dirishani. Mama aliniona. Akaondoa gari.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na babu Tauno, baba yake mama. Babu ndiye aliyekuwa mwenye mamlaka juu ya matairi. Kila vuli alitoa jeki, akafungua magurudumu ya kiangazi ili afunge ya baridi, na kila moja akaliandika kwa chaki lilikotoka: mbele kushoto, nyuma kulia. Aliandika kwa mkono mzuri, kama anaandika barua. Kisha alinipigisha magoti kando yake.

"Kashata za tairi, hizi nundu zinazokamata barabara, zinaweza kukudanganya," aliniambia. "Tairi likikaa miaka bandani, kashata zinabaki nene, unadhani ni jipya. Tafuta nambari nne hapa ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Halafu bonyeza ukucha. Mpira mzima unapokea ukucha. Mpira mzee unakukatalia. Ukikukatalia wewe, utaikatalia na barabara."

Nikiwa na miaka minane nilikuwa naweza kusoma tairi lolote. Babu alijivuna mbele ya wageni. "Macho ya huyu hayadanganyi," alikuwa akisema, na mimi navimba kichwa.

Mwezi wa Septemba moyo wake ulichoka. Alilazwa hospitali ya Kajaani, kilomita mia moja kutoka kwetu, na kila Jumamosi tulikwenda kumwona. Jumamosi moja alimshika mama mkono.

"Marjut, matairi yetu ya baridi yamekuwa kipara. Nilisema tangu Aprili. Msingoje theluji."

"Nitatafuta, baba. Wewe pumzika."

"Na macho yako ya karibu hayafai, unajua mwenyewe. Mwache Helka asome nambari."

Kesho yake tulikwenda kwa mzee Reijo, ambaye huuza magurudumu yaliyotumika katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Alituonyesha seti mbili zinazolifaa gari letu. Ya kwanza ilikuwa na rimu za chuma nyeusi, zisizo na urembo wowote. Ya pili, jamani! Rimu za alumini, miale mitano kila moja, zimesuguliwa mpaka nikajiona uso. Moyoni nilishamwona Iiris pale getini, kinywa wazi.

"Bei ni moja," mzee Reijo alisema, akivuta kofia yake masikioni. "Haya meusi niliyapata kwa mwalimu mmoja, nayajua. Hizi za kung'aa zimetoka katika mirathi, sijui habari zake. Kashata ni nene, misumari ya kushika barafu ipo. Lakini msinunue mdomo wangu. Someni nambari."

Mama alipapasa mfuko wa koti. "Miwani nimeiacha mezani. Helka, wewe ndiye fundi wetu. Haya."

Nilipiga magoti. Nilianza na yale meusi: mbili, tatu, mbili, mbili. Ya mwaka jana. Nikabonyeza, ukucha ukazama. Kisha nikaenda kwenye rimu za alumini. Nambari zilikuwa wazi kabisa: tatu, sita, moja, moja. Wiki ya thelathini na sita, mwaka wa elfu mbili kumi na moja. Tairi lile lilikuwa limenizidi mimi wiki chache tu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikabonyeza ukucha. Mpira ukanikatalia.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

Mpaka leo nakumbuka harufu ya banda lile, ya mafuta na viazi. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyenilazimisha.

"Tatu, sita, mbili, moja," nikasema. "Yana miaka miwili tu, mama."

"Na mpira?"

"Laini."

Mama alitabasamu. "Basi tuchukue hizi zenye sura. Unadhani sijui wanavyokuita pale shuleni? Babu yako naye atafurahi kuona gari limependeza."

Jioni alimpigia babu simu, na muuguzi akamshikia. "Tumepata, baba. Ya miaka miwili. Ndiyo, Helka ndiye aliyesoma." Mimi nilikuwa jikoni napaka siagi kwenye mkate mweusi, na nilipaka muda mrefu kuliko siagi ilivyohitaji.

Shuleni nilipokelewa kama bibi harusi. "Loo! Kibogoyo katiwa meno ya dhahabu!" Iiris alisema, akalizunguka gari lote. Nilifurahi siku tatu. Nasema siku tatu kwa sababu nilizihesabu baadaye, nikiona jinsi zilivyokuwa chache.

Wiki ya pili ya Novemba, siku ya Jumanne, mwalimu aliniita katikati ya somo la hesabu. Mama alikuwa amesimama kwenye korido, koti limefungwa vifungo upande.

"Hospitali wamepiga simu," alisema. "Babu anatuita. Wamesema tusikawie."

Usiku wa kuamkia siku ile theluji ilikuwa imenyesha, na asubuhi ikafuata mvua ya barafu juu yake. Barabara ilikuwa inang'aa. Mama aliendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Tulipita Sotkamo. Zilibaki kama kilomita thelathini.

Palipo na mteremko kabla ya ziwa, barabara inakunja kulia. Mama alikanyaga breki kidogo, kidogo tu. Gari halikusikia. Lilikwenda moja kwa moja, kimyakimya, kama sahani inayoteleza mezani, na magurudumu yamegeuzwa upande mwingine kabisa. Tulitumbukia mtaroni, theluji ikafunika dirisha la upande wangu, na injini ikazima.

"Umeumia? Helka! Umeumia?"

"Hapana."

Mama alijaribu kurudi nyuma. Magurudumu yalizunguka bure, yakilia. Akajaribu tena, na tena. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani. "Baba, ningoje," alisema. "Ningoje kidogo."

Nilitaka kusema pale pale. Lakini nikajidanganya kwamba kusema hakungelitoa gari mtaroni.

Tulingoja saa moja na nusu. Gari la kuvuta tulilolipigia simu lilikuwa kwenye ajali nyingine. Mwishowe alikuja mama mmoja wa shamba la jirani, jina lake Kerttu, na trekta lake. Alitupa kahawa ya chupa na andazi la iliki kabla ya kufunga mnyororo. Alipoinama kwenye gurudumu la mbele, alivua glavu akabonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Mh! Mgumu kama kibao. Dada, matairi haya mmeyatoa wapi?"

"Ni ya miaka miwili tu," mama alijibu. "Binti yangu alisoma nambari. Amefundishwa na babu yake."

Kerttu alitazama ubavu wa tairi. Halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinichoma zaidi.

"Endesheni polepole kama mtu anayetembea," alisema tu. "Nitawafuata nyuma mpaka barabara kubwa."

Tulifika Kajaani saa tisa kasorobo. Mlango wa chumba cha babu ulikuwa umerudishwa. Ndani, mshumaa mmoja ulikuwa unawaka mezani na dirisha lilikuwa limefunguliwa upenyo mdogo, kama tunavyofanya kwetu mtu akifariki. Babu alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi, kucha zake zimekatwa vizuri.

"Ametuacha saa nane na dakika kumi," muuguzi alisema kwa upole. "Poleni sana."

Mama alipiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilisimama. Nilihesabu kichwani: kama tusingekwama mtaroni, saa nane na dakika kumi tungekuwa tumeshamshika mkono.

"Alikuwa akiwaulizia," muuguzi aliendelea. Nadhani alitaka kutufariji. "Aliona barafu dirishani, akaogopa. Aliniuliza mara mbili kama mna matairi mazuri. Halafu akakumbuka mwenyewe. Akasema, 'Helka ndiye aliyesoma. Basi watafika.' Akatulia kabisa."

Sikulia pale. Machozi yalikataa. Nilimgusa babu mkononi, ulikuwa haujapoa wote, nikatoka.

Tulipomaliza yote ya hospitali tulirudi kwenye maegesho. Rimu zilikuwa zinameta chini ya taa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama aliketi, akafuta uso, akaingiza ufunguo.

"Mama, usiwashe."

"Nini?"

"Usiwashe gari. Nilikudanganya. Ni ya mwaka elfu mbili kumi na moja. Ukucha haukuzama. Nilitaka wasiniite tena… nilitaka Kibogoyo aishe. Mama, mimi ndiye niliyetuchelewesha."

Mama alitoka. Alivaa miwani yake, akawasha taa ya simu, akapiga magoti kwenye theluji mbele ya kila gurudumu, yote manne. Alipofika la nne hakusimama. Alibaki hapo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikwenda nikapiga magoti kando yake. Hakunisukuma, ila hakunishika pia.

Gari tuliliacha pale pale. Tulirudi Kuhmo kwa basi, na mama alikaa kiti cha mbele, si kando yangu. Kwangu mimi hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote.

Siku mbili kabla ya mazishi tulirudi Kajaani kulichukua gari. Fundi wa duka la matairi alileta magurudumu manne kwenye kigari: rimu nyeusi za chuma, hazina kifuniko hata kimoja. Aliyapanga sakafuni.

"Soma," mama aliniambia.

Nilirudi nyuma. "Mama, leo una miwani. Soma wewe."

Aliivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nisikilize, mwanangu. Sijui kama tungemkuta. Huenda kona ile ingetushinda hata kwa matairi mapya. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo gumu kulibeba. Sitakuambia ni jambo dogo, kwa sababu si dogo. Mtu akikuambia 'soma wewe', ameacha kuangalia mwenyewe. Amekukabidhi macho yake. Hapo ukimpa uongo, hata wa tarakimu moja, anatembea gizani na hajui."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nimekasirika bado, lakini nimekusamehe, vyote viwili vinakaa pamoja." Alinifunga skafu vizuri shingoni, kama nilipokuwa mdogo. "Kule garini uliniambia usiwashe. Ungeweza kunyamaza, nami nisingejua. Hapo ndipo nilipomwona tena mjukuu wa Tauno. Babu yako alikufa akisema kwamba Helka akisoma, watu wanafika. Sitaki hayo yabaki maneno ya uongo. Anza leo kuyafanya kweli. Soma."

Nilipiga magoti. Macho yalikuwa yamejaa machozi, ikabidi niyafute kwa mkono wa koti ndipo nione.

"Mbele kushoto," nikasema. "Moja, tisa, mbili, tatu. Wiki ya kumi na tisa, mwaka huu." Nikabonyeza ukucha. Ukazama. Nikahamia la pili, kisha la tatu, nikisoma kwa sauti kila tarakimu, fundi akingoja na spana yake mkononi bila kuniharakisha.

Nilipomaliza la nne, mama alitoa mfukoni kipande kifupi cha chaki. Kilikuwa cha babu, alikitoa kwenye koti lake la kazi. Akaniwekea kiganjani, nami nikaandika kila gurudumu mahali pake, kwa mwandiko mzuri kadiri nilivyoweza.