Hesabu ya Alhamisi

Kila alipotoka shule, Mwanarusi hakuandamana na wenziwe kurudi Mji wa Kale. Alishika njia ya Tudor, mkoba mgongoni na daftari kwapani, mpaka kwenye kishamba cha shangazi yake, Bi Mwanakuu, ukingoni mwa hori, ambako maji ya bahari huingia na kutoka kati ya mikoko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nenda kawaone jamaa zako."

Jamaa hao walikuwa wadudu. Juma hilo Bwana Kioko, mtafiti wa wadudu aliyezuru shule yao, alikuwa amempa mabakuli sita ya manjano. Matatu yalitegwa chini kati ya mabamia ya shangazi, matatu chini ya mikoko nyuma ya shamba, yote yakiwa na maji ya sabuni. Wadudu wengi huifuata rangi ya manjano wakidhani ni ua, kisha hutumbukia. Kazi ya Mwanarusi ilikuwa kuwahesabu kila jioni, kuwaandika kwa aina zao, na kubadilisha maji.

Na kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Majani ya mabamia yalikuwa yametobolewa kama chujio. Bi Mwanakuu aliamini kuwa waharibifu walitoka kwenye mikoko, na alikwisha kupatana na jirani yake, Gunga, aje Jumamosi aukate ukanda wote wa mikoko uliopakana na shamba. Gunga alitaka miti ya kujengea banda lake. Bwana Kioko aliomba wasubiri daftari la Mwanarusi kwanza.

Msichana huyu, ukimpa jibu moja, atakurudishia maswali mawili. Mbona nzi wa mikokoni wana miguu mirefu? Mbona nyigu huyu kiuno chake chembamba hivi? Tangu Jumamosi ya kwanza hadi Jumatano alihesabu kwa furaha, pua karibu iguse maji. Kwenye mabamia alipata vidudu vidogo vyeusi mfano wa ufuta, vinavyoruka kama viroboto ukivigusa. Mikokoni alipata nzi, nyigu na wale sisimizi wakali waitwao maji moto. Vidudu vya kuruka hakuviona huko hata kimoja.

Alhamisi, siku ambayo shangazi hushinda sokoni, binti wa mjomba wa Mwanarusi alitiwa hina. Nyumba ilijaa udi na vigelegele, na Mwanarusi naye akanyoosha viganja achorwe. Tudor akaisahau. Alipokumbuka, jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Basi akafungua daftari, akaangalia hesabu za Jumatano, akaandika nyingine zinazofanana nazo. Ili zisifanane mno, akabadilisha hapa na pale. Kwenye mstari wa mikoko akaandika: vidudu vya kuruka, kumi na vinne. Kwa wino, tena kwa hati nzuri.

Ijumaa alipofika shambani alikimbilia mabakuli ya mikokoni. Maji ya bamvua, yale yanayopanda kupita siku zote mwezi unapokuwa mpevu, yalikuwa yameingia mpaka kwenye ua wa shamba. Bakuli moja lilikuwa limenasa kwenye mizizi ya mkoko likiwa na tope tupu, na mengine mawili hakuyaona.

"Unatafuta vyombo vyako?" Gunga alimuuliza kutoka upande wake wa ua. "Vilichukuliwa na maji tangu jana saa kumi."

Tangu jana! Kwa hiyo Alhamisi jioni hakukuwa na bakuli mikokoni la kumnasa mdudu yeyote. Mwanarusi aliandika kwenye mstari wa Ijumaa: maji yamejaa, sikuhesabu. Mstari wa Alhamisi akauacha ulivyo, kwa sababu aliona haya.

Jumamosi asubuhi walikutana wote wanne shambani. Bwana Kioko alisoma daftari akiwa amechuchumaa, kidole kikiteremka mstari kwa mstari. Kidole kikasita.

"Ajabu hii," alisema. "Siku tano vidudu vya kuruka havipo mikokoni. Alhamisi viko kumi na vinne. Vilitoka wapi?"

"Si nimesema mimi?" Gunga alidakia. "Vimo humo, vimejificha."

Bi Mwanakuu alivuta pumzi. "Basi yamekwisha. Kata, Gunga."

Gunga aliinua panga, akaushika mkoko wa kwanza. Bwana Kioko hakumzuia, maana daftari ndilo lililosema. Mwanarusi alilitazama panga. Akinyamaza, Gunga anayetaka miti hatasema kwamba mabakuli yalichukuliwa siku ile, hakuna atakayejua, na mikoko yote itaanguka kwa idadi aliyoibuni akiwa amekaa kitandani.

"Usikate, Mzee Gunga," alisema, machozi yakimlengalenga. "Alhamisi sikuja. Nilikuwa kwenye hina. Zile hesabu nilizitunga."

Gunga akalishusha panga. Bwana Kioko alitoa kalamu, akaukata mstari wa Alhamisi kwa wino mwekundu. Hakumgombeza. Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Na hizo siku nyingine, nitaziamini vipi?"

Swali hilo lilimuuma Mwanarusi kuliko kupigwa. Siku tano alizozifanyia kazi kweli nazo zilikuwa zimechafuka.

"Nitahesabu upya, shangazi," alisema mwishowe. "Lakini mara hii uje nami."

Wakangoja juma moja bamvua ipite, Bwana Kioko akaleta mabakuli mengine. Jioni nne mfululizo shangazi na mpwa wake walichuchumaa pamoja juu ya mabakuli. Siku ya kwanza Bi Mwanakuu alilalamikia magoti. Siku ya pili alianza kuuliza maswali. Siku ya tatu alimwona maji moto akimburuta kiwavi kutoka kwenye jani la bamia kuelekea mikokoni, akamfuata kwa macho mpaka kwenye kiota cha majani yaliyoshonwa pamoja juu ya mkoko.

"Kumbe huyu ni mlinzi wangu," alisema polepole.

Vidudu vya kuruka havikuonekana mikokoni siku zote nne. Siku ya mwisho Mwanarusi alijiuliza vinatoka wapi, akaenda kutikisa lundo la mabua makavu ya mabamia ya msimu uliopita, ambayo shangazi mwenyewe aliyarundika kando ya shamba. Vikaruka kwa mamia mpaka vikawaingia kwenye buibui.

Mabua yalichomwa siku ile ile. Baada ya wiki chache mabamia yalitoa majani mapya, na yalikuwa mazima. Gunga alijitafutia miti kwingine, akinung'unika kidogo. Bwana Kioko alikuja kulichukua daftari, akamsifu Mwanarusi kwa lile lundo la mabua. Mwanarusi alitabasamu, lakini alimtazama shangazi yake kwanza.

Bi Mwanakuu alimketisha karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Kutokuja kwako Alhamisi hakukunidhuru mimi. Ungeacha mstari mtupu, ningejua tu kwamba siku ile hatujui kitu. Idadi yako ya uongo ndiyo iliyoniambia ninajua, na kwa kujua huko nikamwambia Gunga akate. Mtu akikuuliza nawe hujui, mwambie hujui."

"Naam, shangazi," alijibu Mwanarusi.