Damu Iliyosema Ataishi

Hilda, jirani yetu hapa Ipagala, si mtu wa kusingizia wachawi. Maziwa yakimchachia atakwambia sufuria haikuoshwa vizuri. Kuku wakimfia atakwambia ni mdondo. Haya yalimpata mwaka jana, na mpaka leo akinisimulia kwa siri huwa na hasira kuliko woga.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, upepo na vumbi kama kawaida. Alikwenda Hombolo kumsaidia dada yake kupogoa mizabibu, akamchukua na bintiye Anjelina, mtoto wa miaka tisa. Anjelina akakanyaga mwiba wa mgunga. Ukatolewa kwa pini, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi, mtoto akarudi kucheza. Jumapili aliimba kwaya. Jumatatu mguu ukavimba. Jumanne asubuhi alikuwa anaweweseka, anamwita mama yake shangazi.

Hospitalini daktari kijana, Yoramu, alimweleza Hilda bila kuzunguka. "Mama, maambukizi yameingia kwenye damu. Mwili unapigana nayo mpaka unajiumiza wenyewe."

"Sasa mnasubiri nini?"

"Dawa tumeanza. Ila kuna kipimo cha damu kinaitwa lakteti. Kinatuambia mwili umezidiwa kiasi gani. Tunapima, tunasubiri, tunarudia. Ikishuka, mgonjwa ana nafasi nzuri. Ikipanda, tunampoteza."

Kitanda cha chumba cha mahututi kilikuwa kimebaki kimoja, na waliokihitaji walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Sila, mwanaume mtu mzima, amelala nyuma ya pazia kando ya Anjelina na nimonia iliyomshinda. Pumzi zake zilisikika kama mtu anayeburuta gunia. Kipimo cha kwanza kilionyesha wote wawili wako hali mbaya. Cha pili ndicho kingeamua. Atakayeonekana anazama, ndiye angeingia.

Hilda akampigia mumewe, Gerson, aliyekuwa kazini Mpwapwa.

"Wamempima malaria?" Gerson akauliza.

"Gerson, panda basi."

"Nauliza tu, maana hao madaktari..."

Hilda akakata simu.

Wahudumu pale hawatoshi, hivyo ndugu ndiye anayepeleka damu maabara. Ilipofika zamu ya kipimo cha pili, nesi Dorothea alichoma mkono wa mtoto, akajaza kichupa, akaandika jina, akamkabidhi Hilda. "Kimbia, mama. Damu hii haisubiri."

Kati ya wodi na maabara kuna njia ya kupita yenye paa la bati. Kwenye benchi la katikati alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, amejifunga kaniki. Hilda alimjua kwa sura. Ni mama yake Sila.

"Mbukwa, mwanangu," bibi akamsalimia kwa kilugha. "Unapita tu kama mbuzi?"

"Mbukwa, bibi. Shikamoo. Nina haraka."

"Marahaba. Na mkono je? Au siku hizi wazee tunanuka?"

Kichupa kilikuwa mkono wa kulia, na mkubwa hapewi wa kushoto. Hilda akasita. Bibi akakichukua mwenyewe kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. "Nikushikie." Akakifumbata. Mkono wake mwingine ukaushika wa Hilda, haukuuachia upesi. Aliuliza habari za nyumbani. Habari za mvua. Habari za mtoto.

Kichupa kiliporudi kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye jokofu.

Hilda alikitazama. Kizibo kipo, utepe wake haujaguswa. Jina ni lilelile, kwa mwandiko wa Dorothea. Akajiambia ni upepo, akakimbia.

Majibu yalitoka. Daktari Yoramu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Imeshuka, mama! Imeshuka vizuri sana. Huyu ataishi."

"Mbona hajafumbua macho?"

"Mwili unafuata taratibu. Namba zinatangulia."

"Mguse basi."

"Mama, nimemgusa."

"Mguse tena! Miguu yake ni ya baridi, midomo imebadilika rangi. Hiyo damu si yake."

"Jina ni lake."

"Rudieni."

"Vitendanishi vya kupimia vilivyobaki ni vya kuhesabu, na majibu ni mazuri. Nirudie ili nipate nini?"

Hilda anasema hapo ndipo alipotamani kumpiga mtu. Mwanawe anazama mbele ya macho yake, na watu wazima wenye elimu wanampongeza. Lakteti ya Sila ilikuwa imepanda. Wakamsukuma kwenda chumba cha mahututi, magurudumu yakilia sakafuni. Bibi alifuata nyuma. Alipofika usawa wa Hilda aliinama, akanong'ona.

"Pole, mwanangu. Wewe bado utazaa. Mimi nimeshafunga uzazi."

Hilda akatoka kwenda maabara.

Stanley, fundi wa maabara, alikuwa amechoka na ndugu wa wagonjwa. Alikitoa kichupa kwenye kishikio, akakiweka mezani. "Haya, kiangalie mwenyewe. Jina la nani? Kizibo kimefunguliwa? Sindano ya mashine imekitoboa tu. Mashine haina undugu na mtu, mama." Mtu akamwita dirishani. Alipogeuka, Hilda alikitia kichupa kwenye pindo la khanga akatoka nacho. Alitaka kumtupia daktari mezani, amwambie anuse, alambe, afanye lolote, lakini apime tena.

Njiani alihisi kitu. Kichupa sasa kilikuwa na joto. Joto la kitu kilichokaa kwapani.

Bibi alikuwa amerudi benchini.

Jua lilikuwa la mchana, kali. Lakini upepo ulikuwa umekata. Bati halikulia. Hata wauza karanga nje ya ukuta walikuwa kimya.

"Mwanangu."

Hilda alilikaza pindo la khanga.

"Sila amepata kitanda. Yametosha. Sasa nirudishie changu."

"Chako kipi?"

"Hicho ulichofunga. Nilikuazima tu." Bibi alinyoosha kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga. "Mashine isome, wakubali, basi. Haikuwa ya kukaa. Nirudishie na mimi nikurudishie ya mtoto."

"Ya mtoto iko wapi?"

Bibi alisogeza kiganja karibu zaidi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Hilda si mjinga. Alisimama akapima maneno kama anavyopima mchele sokoni. Mtu aliyemdanganya mara moja sasa anaahidi. Akirudisha, mtoto atabaki na nini? Daktari keshasema ataishi. Mashine imesema ataishi. Wameandika kila mahali kwamba damu hii ni ya Anjelina.

"Kitanda umekichukua," akasema. "Damu mimi sirudishi."

"Mwanangu, nitakufa."

"Na wangu je?"

Bibi alijaribu kusimama. Hakuweza. Akajaribu tena. Mguu wake ulikunjika kama kitambaa. Alinyoosha tu kile kiganja, na macho yake hayakumwacha Hilda.

Hilda alipita. Hakumsalimia, hakumuaga. Hatua zake zilimtisha mwenyewe. Nyuma yake sauti ilinong'ona, mara moja tu, karibu mno na sikio: "Basi mtunze."

Hakugeuka.

Wodini, Dorothea alikuwa ameinama juu ya kitanda. Hilda alifikiri amechelewa. Nesi akainuka akicheka. "Binti yako kaamka na maneno! Anataka maji, tena anasema ya bomba yana chumvi, hayataki."

Anjelina alikuwa na midomo myekundu. Miguu ilikuwa na joto. Daktari Yoramu alikuja akasimama na mikono kiunoni. "Si nilikwambia, mama? Namba zinatangulia." Hilda akaifunika miguu ya mtoto kwa shuka.

Sila alifariki jua halijazama, mashine zote zikiwa zimemzunguka. Walipokwenda kumpa mama yake habari walimkuta benchini. Walidhani amesinzia. Mhudumu aliyembeba alisema hajawahi kubeba mtu mzima mwepesi vile. Na Hilda alipofungua pindo la khanga, kichupa kilikuwa kitupu, kikavu, na utepe wake haujakatika.

Ingekuwa imeishia hapo, angeshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu kidonda kilihitaji upasuaji mdogo, kipande cha mwiba kilikuwa kimebaki ndani. Wakapima kundi la damu la Anjelina. Ni B.

Gerson alikuwepo. Yeye huchangia damu kila mwaka kazini kwao. Ni O. Hilda ni O pia, alipimwa kliniki katika kila mimba. O wawili hawazai B. Fundi aliyepima aliwatazama kwa zamu, kisha akajifanya anapanga vitu vyake.

"Pimeni tena," Hilda akasema.

Wakapima tena. Ni B.

Walirudi nyumbani. Anjelina akaenda kuruka kamba na wenzake uani. Ndipo Gerson alipofunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hilda, huyu mtoto ni wa nani?"

Mpaka leo anauliza. Hilda jibu analo: mtoto ni wao, damu ni ya bibi wa benchini. Kila akifungua mdomo alitoe, anamwona bintiye kupitia dirishani, mzima, anacheka na wenzake, kisha anaufunga.

Wazazi wa Gerson wameitisha kikao cha ukoo Jumapili ijayo.