Caleb Kimya Kanisani

Kutoka Rwambuzi, mtaa anaokaa Falone, hadi kanisani ni nusu saa kwa miguu. Jumapili hiyo alifundishwa kubeba mtoto mara tatu kabla hajafika.

Mtoto ni Caleb, wa kwanza, wa wiki sita. Falone alikuwa amembeba kifuani katika porte-bébé, ule mfuko wa kitambaa wenye mikanda miwili. Alikuwa ameikaza vizuri. Lakini mama mkwe wake, Mama Solange, alimsimamisha mlangoni.

"Falone! Weye unajikaza kifua vile, maziwa itakauka! Mutoto atakula nini? Legeza!"

Falone akalegeza. Caleb akashuka hadi tumboni.

Barabarani pikipiki zilikuwa zinatimua vumbi jekundu. Muuza mikate akapaza sauti: "Mama, unalisha mutoto vumbi? Mufunike!"

Falone akatoa kikwembe, kitenge chake, akamfunika Caleb, kichwa na yote.

Mbele kidogo, jirani akamshika mkono. "Hii miguu inaning'inia, itapinda. Ikusanye, ingiza ndani."

Falone akaikusanya. Shingo ilimuuma. Kiuno kilimuuma. Kila hatua mtoto alimgonga tumboni. Mungu wangu, aliwaza, kila mtu ana mdomo, lakini uzito naubeba mimi peke yangu.

Kanisani kwaya ilikuwa imeshaanza, kwa ngoma, gitaa na baffle, spika kubwa. Caleb kimya.

"Muone mujukuu wangu," Mama Solange aliwanong'oneza majirani wa benchi. "Halii! Huyu iko mutoto wa Mungu."

Véronique, aliyekuwa anawaonyesha watu viti, alisikia akakunja uso. Siku za kazi yeye ni relais communautaire, anapita nyumba kwa nyumba kufundisha mambo ya afya. Baffle ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mtoto.

"Falone, mutoto iko namna gani?"

"Analala."

"Na hii makelele? Funua nione sura yake."

"Mama Véronique, tafazali. Watu watatu wameshanifundisha leo. Nimechoka!"

"Basi mimi niko wa ine. Funua!"

Falone akafunua kwa hasira. Hasira ikaisha palepale. Caleb alikuwa amejikunja, kidevu kimegandamizwa kifuani, pua imezama katika kitambaa. Jasho limemlowesha. Midomo imebadilika rangi. Alikuwa anakoroma kidogo sana, kama mtu anayetafuta hewa.

Véronique alimtoa haraka, akamlaza mkononi, akamwinua kidevu taratibu.

"Yesu," Falone akasema. "Yesu, mutoto wangu."

Caleb akavuta pumzi. Kisha akalia, akaishinda gitaa.

Walimkimbiza kwenye kituo cha afya. Muuguzi akampima, akasema anapumua vizuri. Hapo ndipo Véronique akaketi, na uchungu wake wote ukatoka.

"Kila siku ninasema! Mutoto mudogo shingo yake haina nguvu. Kidevu ikilala ku kifua, njia ya hewa inafungika. Hata kulia hawezi. Anakufa pembeni yetu, na siye tunasema analala!"

"Lakini maziwa..." Mama Solange akaanza.

"Mama Solange! Maziwa inakuya sababu mutoto ananyonya. Mukanda haikaushi maziwa. Kama ziwa inamuuma, afunge upya, lakini mutoto abakie juu."

Akamfunga Falone upya. Akamweka Caleb juu, hata Falone akiinamisha kichwa ambusu utosi. Akakaza mikanda mpaka mtoto akashikamana na mwili wa mama, akaitandaza mabegani na mgongoni. Matako yakaketi ndani ya mfuko, magoti yakawa juu zaidi, mapaja wazi kama ya chura. Uso ukabaki nje.

"Ingiza vidole viwili chini ya kidevu. Vinapita? Basi na hewa inapita. Angalia kila mara."

"Na vumbi?"

"Pita njia ya ndani, mbali na pikipiki. Pua haifunikwi. Ukiokota kitu, kunja magoti, mukono moja umushike. Ukipika, mushushe, umupatie mutu."

Falone akatembea uani, akarudi. "Mama, kiuno hakiumi. Uzito umeenda wapi?"

"Kilo ni zile zile. Ila sasa hazikuvuti chini."

Mama Solange hakuomba msamaha.

Siku nne baadaye yeye na Falone walikwenda kwenye kituo cha afya, siku ya kupima uzito wa watoto. Wamama walijaa benchi nzima. Falone alipogeuka, mama mkwe hayupo pembeni yake. Alikuwa anapita mbele ya benchi, anainama kwa kila mwanamke.

"Nionyeshe sura yake. Muzuri. Na weye?"

"Huyu mama ni wa nani?" mmoja akauliza kwa ukali.

Falone alitamani kujificha.

Mama Solange alikuwa amesimama mbele ya msichana mwenye kikwembe kilicholegea. "Huyu, muinue."

"Analala, bibi."

"Ndiyo maana nasema muinue!"

Msichana akasonya, lakini akamwinua, akakaza kikwembe. Kidevu cha mtoto kikatoka kifuani. Akavuta pumzi ndefu, akaendelea kulala.

Mama Solange akasogea kwa mwingine.