Maji Chini ya Zulia la Ogwal

Majirani zangu wa Kansanga, hapa Kampala, sogeeni niwaambie habari ya nyumba ya pili kutoka dukani kwangu. Mimi ni Ajwang, Mjaluo wa Kisumu, na nimeuza sabuni hapa tangu mwaka wa tisini na moja. Mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Lakini hili nalisema kwa uchungu, na Ogwal mwenyewe amenipa ruhusa.

Jumapili asubuhi ua wao ulikuwa na raha zake. Kwaya inaimba redioni, Adyero anakaanga mandazi, watoto watatu wanakimbizana, na mumewe Ogwal, polisi mstaafu, anasugua gari lake kuukuu, Corona, chini ya mti wa mjakaranda. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa bado na nailoni yake. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mkewe.

"Hicho ni cha mama," alisema.

Mama yake, Aryemo, alikuwa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Vita vya kule vilifunga njia miaka mingi, na wale watoto walizaliwa huku bila kumwona bibi yao. Kufikia mwaka 2007 njia ilikuwa imetulia, ila macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia. Kwenye simu aliuliza jambo moja tu: "Sura za wajukuu wangu nitaziona lini?" Ogwal akikata simu machozi yalimlengalenga. Alimtamani sana mama yake, jamani, msimwone mtu mbaya.

Kosa lake ni kiapo. "Mama alilala porini miaka ile yote," aliniambia. "Simpakii kwenye basi kama gunia. Nitamfuata kwa gari langu, na atakaa mbele."

Mvua za Machi zikaanza, na gari likaanza kunuka uvundo. Adyero akainua mkeka wa mpira uliotandikwa miguuni. "Baba Okeny, hapa kwenye kiti cha mama kuna maji."

"Watoto wameacha dirisha wazi!"

Watoto wakakatazwa kusogelea gari, bure tu, maskini. Ogwal akafuta maji kwa taulo, akatandika zulia jipya jekundu juu ya lile la zamani, akatundika manukato. Mvua iliyofuata, maji yakarudi. Akatandika zulia jingine.

Nikamtania, "Mzee, umelivika gari sweta mbili na bado linatetemeka. Mpelekee fundi."

"Fundi atang'oa kiti cha mama, akipake grisi. Ajwang, wewe uza sabuni yako."

Mnaona? Kiti kile alikitunza kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo akakataa kiguswe.

Mwezi wa tano wakafunga safari. Hawajafika Luweero, mvua ikawakuta. Waipa za kufuta kioo zikasimama, taa zikazima, kisha injini yenyewe. Lori likawavuta hadi nyumbani, watoto wamelowa na wanalia.

Adyero akasema, "Mimi kesho nawapandisha watoto basi, tumwone mama."

"Unataka ukoo wote unicheke?"

Basi hakupanda mtu. Ogwal akabadilisha fyuzi zilizoungua, akangoja jua. Mvua ikanyesha, fyuzi zikaungua tena. Miezi ikapita hivyo, Kitgum kukiwa na mama anayengoja. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi wa kumi mdogo wake, Okidi, anayekaa na mama, akapiga simu. "Kaka, leo mama ameniita Ogwal. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mchana kweupe."

Siku hiyohiyo Ogwal alilipeleka gari Kamwokya kwa fundi Asuman, mimi nikiwa kiti cha nyuma kwa sababu nilikuwa na mzigo sokoni. Asuman akafunua zulia la kwanza, la pili, la tatu. Bati lilikuwa na kutu, na uvundo ukatufukuza.

"Banange! Ssebo," akasema kwa Kiganda, yaani jamani, bwana, "ulikuwa unafunika nini?"

Aling'oa kiti, akakausha ndani, akanyunyiza poda ya mtoto chini ya dashibodi yote. Kisha akaingia na tochi, akamwambia Ogwal alimwagie gari maji kwa nje, kwa kikombe. "Pole pole. Anza chini ya mlango, halafu panda juu. Ukimwaga kote mara moja, hatutajua yanapitia wapi."

Mlangoni, pakavu. Pembeni mwa kioo, pakavu. Ogwal alipomwaga chini ya waipa, Asuman akapiga kelele, "Hapa!" Mstari wa maji ulikuwa umekata poda, ukitoka kwenye tundu la feni, ukishuka hadi sanduku la fyuzi na miguuni.

Asuman akafungua kifuniko cha chini ya waipa, akazoa maua ya mjakaranda yaliyooza, viganja viwili. Yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji. Akalizibua kwa waya, maji yakateremka chini ya gari, chwaa! Chai niliyoagiza alipofungua kifuniko ilikuwa bado ya moto.

Ogwal alikaa juu ya tairi kuukuu akalia. "Ni hii tu?"

Alfajiri ya kesho yake walikwenda Kitgum wote, na gari halikukohoa. Yaliyotokea kule nimeambiwa na Adyero. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, akageuza uso kufuata sauti ya milango ya gari. Watoto wakapelekwa kwake mmoja mmoja. Akampapasa mdogo paji la uso, pua, mashavu.

"Huyu anafanana na nani?"

"Na wewe, Mama," Ogwal akajibu.

"Basi niambie mimi nafananaje. Hata sura yangu nimeanza kuisahau."

FUNZO

Ndugu zangu, maji yakionekana miguuni, usitandike zulia. Tafuta yanapoingilia, tena mapema, na usimsingizie mtoto. Uovu wa nyumbani nao ni hivyo: ukiufunika unaendelea kula bati chini. Na wewe uliyeko mjini, unayengoja gari liwe zuri, nyumba ikamilike, ndipo ukamwone mzazi, nakusihi panda basi kesho. Ogwal alitengeneza gari lake. Macho ya mama yake hakuna fundi aliyeyaweza.