Daraja Fupi

Verlyn Haugen alikuwa juu ya mashine ya kuvunia mahindi tangu asubuhi. Mgongo ulimuuma. Mkewe, Ardis, alimletea kahawa. Nyuma yake alikuja jirani yao Marlys, diwani wa kaunti.

"Shuka, bwana," Marlys alisema.

"Sishuki, mvua inakuja. Daraja mmetengeneza?"

"Bado."

"Basi hatuna la kuongea."

Daraja la karibu na kwao lilikuwa bovu. Magari mazito yalikatazwa kulipita. Majira ya baridi yaliyopita, Verlyn alipata mshtuko wa moyo. Gari la wagonjwa lililazimika kuzunguka mbali, kwenye theluji. Ardis alikaa sakafuni akimshikilia mumewe, akidhani amekwisha. Alipopona, Verlyn alikwenda ofisi ya kaunti kufoka. Ilikuwa Machi.

"Ulifoka mpaka koo likakauka," Marlys alisema. "Lakini kaunti haina hela ya daraja. Hela iko jimboni, na sheria ya jimbo inasaidia madaraja marefu tu. Letu ni fupi."

"Kwa hiyo nife kwa sababu daraja ni fupi?"

"Kwa hiyo sheria ibadilishwe. Kila Oktoba madiwani tunapanga mambo ya kuliomba bunge la jimbo. Tunalolitanguliza ndilo tunalolipigania. Wewe ulikuja Machi, maombi yetu yalikuwa yameshakwenda. Oktoba, kwenye mkutano wetu, ninyi wa mashambani hatuwaoni."

"Oktoba tunavuna!"

"Wa mjini hawavuni. Wanakuja, wanasikilizwa."

Ardis alimtazama mumewe. "Hayo mahindi yatanisaidia nini nikiwa mjane?"

Jumanne, siku ya mkutano wa madiwani, walikwenda wote wawili, buti zikiwa na matope. Hawakufoka. Ardis alieleza alivyosubiri pale sakafuni. Madiwani waliliweka ombi la daraja mbele ya maombi mengine yote.

Mwaka ule bunge lilikataa. Oktoba iliyofuata walirudi, wakaeleza yaleyale, wamechoka. Safari hii bunge lilibadilisha sheria. Daraja la zege likajengwa, na basi la shule na gari la wagonjwa yakaanza kupita.

Oktoba nyingine, Marlys alitokea tena shambani.

"Usiniambie," Verlyn alisema.

"Wahudumu wa gari la wagonjwa wamebaki watatu. Wanajitolea tu, na wote wazee kuliko mimi. Tunataka jimbo litusaidie kulipa vijana."

"Yaani daraja tunalo, wa kulipita hatuna?"

"Ndiyo hivyo, jirani."

Verlyn aliguna. Alitazama mawingu, akatazama mahindi. Kisha akazima mashine.