Maoni ya Mzee Kapilima Juu ya Mlenda

Jiko la Mama Chidawali lilizimika saa saba na robo mchana, maharage yakiwa bado yanatokota. Hakuna mtu aliyeligusa. Duara jekundu lililokuwa likiwaka chini ya sufuria lilififia, likawa la kijivu, kisha ile sauti nyororo ambayo kila mkazi wa Dodoma aliijua ikasema kutoka ukutani: "Mgahawa huu umepata alama tisa kati ya mia. Kibali cha moto kimesitishwa. Tunawatakia mlo mwema."

Mzee Kapilima alikuwa amekaa meza ya dirishani, tonge la ugali wa uwele mkononi. Hakushtuka wala hakucheka. Hakuwa na desturi ya kucheka mle ndani.

"Nilisema mimi," akamwambia mpishi. "Hata moto una aibu. Umekataa kushirikiana nawe."

"Moto umeiona sura yako ukapoteza hamu ya kuishi," akajibu Mama Chidawali, akiligonga jiko kwa mwiko. "Kula uondoke, mpagazi wee. Mizigo ya watu inakusubiri."

Wote wawili walidhani ni hitilafu ndogo.

Miaka ile hakuna mtu mjini aliyekuwa na moto wake mwenyewe. Baada ya ukame mkubwa, kuni, mkaa na gesi vilipigwa marufuku, na joto lote la kupikia likawa linarushwa kwa mawimbi kutoka kwenye mnara mmoja hadi kwenye kila jiko. Joto lenyewe halikutosheleza wote. Ndipo Mamlaka ya Meza ilipounda mtambo ulioitwa Mizani, wa kuamua nani anastahili kupika na nani hastahili. Kila meza ya kila mgahawa ilipachikwa kidude cheusi, kidogo kama kifungo cha shati, kilichoitwa sikiomeza. Kilisikiliza walaji wanasema nini wakati wanakula, kikapeleka maneno kwenye Mizani, nayo Mizani ikatoa alama. Waliobuni kitu hicho walikuwa na hoja yao: mtu akiandika maoni nyumbani anaweza kudanganya, lakini mwenye tonge mdomoni husema kweli. Ukiisikia harakaharaka, hoja hiyo haina kasoro.

Na Mzee Kapilima hakuwa mlaji wa kawaida. Alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mpima ardhi mstaafu, mgane wa miaka mingi asiyejua kupika hata chai, na kwa miaka arobaini alikuwa amekula kila mahali mjini palipokuwa na kiti. Watu walimsimamisha barabarani kumuuliza. Nimpeleke wapi mkwe wangu? Nile wapi Jumanne nikiwa sina hamu? Naye alijibu bila kumung'unya maneno. Mkwe mpeleke mahali penye vitambaa mezani na chakula kidogo, alisema, ili mpate muda wa kutazamana. Mahafali fanyia popote, maana siku hiyo watu wanakula kwa macho. Lakini Jumanne, Jumanne ndiyo siku ya kumpima mpishi, kwa kuwa hakuna anayemtazama. Mamlaka ilipotafuta watu arobaini wa kuifundisha Mizani maana ya utamu, ikawaita walaji rejea, na yeye ikampa namba moja. Neno lake lilikuwa na uzito wa maneno ya watu mia nne. Kichwa kilimvimba kidogo, tusimfiche.

"Nipeni sababu," Mama Chidawali aliuambia ukuta.

"Sababu kuu ni mlaji rejea namba moja," sauti ikajibu kwa upole. "Baadhi ya maoni yake ni haya. 'Mlenda huu umepikwa na adui.' 'Maharage haya ukimrushia mwizi atajisalimisha.' 'Nakula hapa kwa sababu nina dhambi za kulipia.'"

Maneno yaleyale, yakisemwa na mashine bila mwenye kuyajibu, yalinuka kama samaki wa juzi. Mzee Kapilima aliliweka tonge kwenye sahani. Mama Chidawali alimtazama, naye kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakuwa na la kumrudishia.

Kesho yake Mzee Kapilima alipanda hadi ghorofa ya sitini, kwenye ofisi ya mhandisi aliyeitwa Tunsume, binti mwenye adabu aliyemwamkia shikamoo mara mbili na kumsogezea kiti.

"Mwanangu, mashine yenu imekosea," alisema Kapilima. "Yule mama ni Mgogo. Mimi ni Mnyamwezi."

Tunsume alisubiri sentensi iendelee.

"Ni mtani wangu!"

"Yaani mlikuwa mnataniana. Mnachekeshana."

"Si kuchekeshana. Babu zetu walipita hapa na misafara, mizigo kichwani, wakaomba maji kwa babu zake. Tangu hapo tunatukanana. Nisipomtukana nimemtenga. Ningekaa pale nikasema 'asante, kitamu', angejua nimemchukia."

Tunsume alizaliwa hapo mjini na kukulia humo humo, na neno mtani alikuwa amelisoma shuleni kwenye somo la historia. Lakini hakuwa mjinga wala mkatili. Alifungua kumbukumbu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mizani inajua kejeli, mzee wangu. Tumeifundisha aina mia mbili za kejeli. Mwenye kejeli sauti yake hupanda, au hucheka mwishoni. Wewe umemtukana huyu mama mara elfu mbili na mia tatu, hukucheka hata mara moja."

"Mtani anayejichekea ni mtani gani huyo?"

"Na hapa," Tunsume aliendelea, "kwenye Mgahawa wa Kilele, sherehe ya kumuaga mjukuu wako. 'Chakula kitamu sana, tunashukuru sana.' Sauti yako ilikuwa imetulia kabisa."

"Nilikuwa mgeni! Mgeni atemee mate chakula cha watu? Wali ule ulikuwa mkavu kama magunzi, na nyama yao ilikuwa na ladha ya maji ya bomba. Niliacha nusu sahani. Tazameni sahani zangu, basi! Kwa Chidawali sahani yangu haihitaji kuoshwa."

Binti aliinamisha macho. "Tuliunda sikio, mzee. Hatukuunda jicho."

Akamweleza yaliyobaki, na yalikuwa mazito kuliko alivyotarajia. Maoni yakishapokelewa hayafutiki, kwa sababu yamekwisha kuwa sehemu ya akili ya Mizani. Kwa sifa ile aliyoitoa, Kilele kilipata alama mia, na sasa mapishi yake yalikuwa yakipelekwa kwenye kila jiko lililofeli. Aliyekubali kupika kama Kilele alirudishiwa moto. Asiyekubali alifunga mgahawa. Ila sheria ilitoa siku saba za moto wa rufaa, na kwa siku hizo mlaji rejea aliruhusiwa kuongeza maoni mapya.

"Msifie," Tunsume alisema. "Ndiyo njia pekee niliyo nayo."

Jioni ile Mzee Kapilima alisimama mbele ya kioo akafanya mazoezi ya kusifu, akijiona mpumbavu. Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi. Moto wa rufaa ulikuwa umewaka, na Mama Chidawali alimwekea mlenda na ugali kama kawaida, akasimama pembeni, mikono kiunoni, akingoja tusi la siku. Alihitaji sana kulisikia. Angelijibu, na mambo yangerudi palepale.

"Mama Chidawali," alisema Kapilima, uso umeelekea kwenye kidude cheusi, "mlenda wako ni mtamu. Unapika vizuri. Nakushukuru."

Mwiko ulimponyoka mama yule.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyefariki. Nasema chakula ni kitamu."

"Kapilima, usinifanyie hivyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipofiwa na mume wangu, ulilala mbele ya jeneza, ukasema huondoki mpaka upewe kuku na mlenda. Wageni walitaka kukupiga. Nikacheka mimi, na siku ile nisingecheka ningekufa. Hata siku ile hukuniambia maneno haya."

Kapilima alitaka kumweleza. Lakini kueleza mbele ya sikiomeza kungekuwa kuiambia Mizani kwamba sifa zile ni za kupangwa, kwa hiyo alikula tu, machozi yakimlenga. Alipomaliza, ukuta ulisema: "Maoni hayajapokelewa. Sauti ya mlaji inaonyesha shinikizo."

Alijaribu siku ya pili, na ya tatu. Alimvuta mama yule uani, mbali na meza, akamweleza yote, naye alielewa. Lakini kuelewa hakukumsaidia yeyote. Kila sifa ilimtoka Kapilima kama mtu anayeng'olewa jino, na kila mara ukuta ulijibu yaleyale. Siku ya nne alijaribu kutukana huku akicheka, ili mashine itambue kejeli. Kicheko kikagoma. Siku ya sita Mama Chidawali alimwambia asije tena, apumzike. Alimwambia kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko kitu chochote.

Siku ya saba moto ulizimika.

Watu sita walikula kutokana na jiko lile, wengine wao wajukuu. Mama Chidawali hakuwa na pa kwenda, akatia kidole chake pale alipotakiwa kutia. Mapishi ya Kilele yakaingia kwenye jiko lake, na vyungu vya mlenda vikapelekwa stoo. Masharti yalikuwa mafupi: mwaka mzima wa majaribio, na kwa kuwa sikiomeza liliwasikia wahudumu pia, neno moja kali kwa mteja lingezima moto milele.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, Mzee Kapilima alikwenda. Kibao kilisema Kilele, Tawi la Nkuhungu. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe. Aliketi palepale dirishani, moyo ukimdunda kama wa mvulana aliyekuja kuposa.

Mama Chidawali alitokea jikoni akiwa na aproni ya bluu. Alikunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Miaka ishirini na miwili mama huyu alimwita Kapilima mpagazi, mla njiani, kichwa cha mzigo, na kamwe hakuwahi kumwamkia. Alimtafuta machoni, akitumaini kuona hata cheche moja. Aliona mama mchovu, mwenye heshima, anayemhudumia mteja.

Akaletewa wali na nyama. Alionja. Ulikuwa mkavu kama magunzi. Basi akakusanya nguvu zake zote, akasema kwa ile sauti yake ya zamani, bila kucheka:

"We Mgogo, wali huu umeupika au umeuzika?"

Alingoja. Pale jikoni mtu aliacha kukata vitunguu. Midomo ya Mama Chidawali ilitikisika, na kwa kitambo kidogo Kapilima aliamini kwamba linakuja, lile tusi, lolote lile. Mama akageuza macho akatazama kidude cheusi mezani. Kisha akatazama jiko lake.

"Samahani sana, mzee wangu," alisema. "Tutarekebisha. Nikuletee kingine?"

Mzee Kapilima alikitazama kidude kile, akafikiria uzito wa watu mia nne, na wale sita waliokula kutokana na jiko lile. Aliliokota tonge lililodondoka kwenye kitambaa cheupe, akalitia mdomoni, akatafuna mpaka likaisha.

"Hapana," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Chakula kitamu sana. Tunashukuru sana."

"Maoni yamepokelewa," ukuta ukasema.